Mawifi Wapima Kompyuta

Studio ya picha ilikuwa ya mawifi wawili: mpiga picha, na mke wa kaka yake, aliyepanga albamu. Kompyuta yao ilikuwa imechoka. Ukiiwasha asubuhi, unafagia chumba, unapanga viti, unarudi bado inajivuta.

"Tatizo ni diski," mpiga picha alisema. "Inazunguka na kukoroma. Tununue ya kisasa, isiyozunguka."

"Diski ni kabati tu, wifi yangu. Kazi hufanyika mezani, na meza ndiyo memori. Yetu imejaa pomoni."

Walibishana wiki nzima. Jumamosi kila mmoja alitoa kitu mkobani kwa siri: huyu diski, yule kipande cha memori. Walipotazamana, walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Basi tupime!"

Mke wa kaka akashika bisbisi, akachomeka memori kando ya ile ya zamani. Kuwaka, dakika tatu, vilevile. Mpiga picha akapiga makofi. Lakini walipofungua picha mia mbili za harusi, zote zikapita bila kukwama.

"Makofi yameishia wapi, wifi?"

Wakaichomoa. Kuhamishia mafaili kwenye diski mpya kukawala saa nzima na birika zima la chai. Safari hii kompyuta iliwaka kwa sekunde ishirini tu. Mpiga picha akaanza kucheza, akacheza mpaka picha ya hamsini, ambapo bibi harusi aliganda kwenye kioo, mdomo wazi.

Wakati huo kaka mtu akapita kuchukua funguo.

"Hebu tuamulie," wakamwambia kwa pamoja.

"Kati ya mke na dada? Sina wazimu," akasema, naye huyo, mlangoni.

Mpiga picha ndiye aliyeokota ile memori mezani na kumkabidhi mwenzake. "Irudishe, wifi. Nilikaza shingo bure."

"Na mimi pia."

Kompyuta ikawaka upesi, picha zikatiririka, na kabla ya saa kumi albamu ilikuwa tayari, siku tatu kabla ya ahadi. Wakampigia bibi harusi, akaja mbio.

"Mmemaliza? Mbona mimi hata picha ya jalada sijachagua!"

Akavuta kiti, akakaa katikati yao, na ubishi ukaanza upya, sasa wa watu watatu.