Benchi la Mapokezi

Siku ya kwanza baada ya likizo, Mkakati alitufungia ukumbini. Jina hilo tulimbandika sisi, maana hawezi kuomba hata chumvi bila kutaja mkakati. Ndiye mkuu wa kitengo cha kuchangisha misaada katika shirika letu, na likizo ilikuwa imemnenepesha kila mahali isipokuwa upande wa haya.

"Mwaka huu tunaanza na kasi," alisema akigawa vikaratasi vya rangi. "Kila mtu aandike jinsi ya kuwa karibu na wafadhili."

Kazi yenyewe haikuhitaji vikaratasi. Hospitali ilituomba tuitafutie nyumba moja tu, ya kulaza wajawazito wanaotoka mbali wakisubiri siku zao. Walikuwa wakilala kwenye korido, mikeka imebanana. Tangu ombi lije, sisi tumekaa vikao saba.

Saa nne gundi ya kubandikia vikaratasi ukutani iliisha, nikatumwa mimi, mwandika barua za shukrani. Kwenye benchi la mapokezi alikaa mkunga mstaafu, kakumbatia mkoba wake. Kila mwaka, siku ya kwanza ya kazi, huja mwenyewe kutuchangia, nami humwandikia barua ileile, nikibadilisha tarehe tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina neno na mkubwa wako."

Nikarudi ukumbini nikamwambia Mkakati. Hakutoa macho ukutani.

"Asubiri. Huoni tunashughulikia wafadhili?"

Saa saba nilitumwa maji ya kunywa. Mama alikuwa palepale. Nikamwambia, "Subiri kidogo, mama, bado yuko kikaoni," kwa lile tabasamu langu la kazini ambalo hata mimi silipendi.

Saa tisa ukuta ulijaa rangi, tukapigiana makofi, Mkakati akaupiga picha. Tulipotoka, benchi lilikuwa tupu.

"Kaondoka," mlinzi wa mlangoni alituambia. "Alikuja na ufunguo. Anahamia kwa binti yake, ile nyumba yake nyuma ya hospitali alitaka kuwapa nyinyi, kwa ajili ya wale wajawazito."

Mkakati alinywea. "Mpigie. Sasa hivi."

Nilipiga. Upande wa pili nilisikia vicheko vya wanawake na vitanda vikiburutwa.

"Mwanangu, nilivuka tu barabara nikampa matroni wa hospitali ufunguo," alisema kwa upole. "Ilichukua dakika kumi. Wanahamia sasa hivi, tuna kazi hapa. Subiri kidogo."

Akakata simu.

Nilimweleza Mkakati neno kwa neno. Alivuta pumzi ndefu, rangi ikamrudi usoni, akachukua kikaratasi cha kijani.

"Kwa hiyo nyumba imepatikana," alisema. "Siku ya kwanza tu! Weka kwenye ripoti, mafanikio ya kitengo. Na mama umwandikie barua yake."

Nilikaa mezani nikafungua ile barua ya kila mwaka. Nikabadilisha tarehe.