Mabirika ya Kiwanda cha Pamba

Ukitaka kulaani kwa ajili ya uwanja ule wa Kasongo, laani wakubwa kwanza, halafu mlaani Emilienne. Yeye mwenyewe hakatai.

Pale palikuwa na kiwanda cha pamba. Kilikufa zamani, mashine zikaliwa na kutu, lakini mabirika yake ya simenti yalibaki mazima. Humo akina mama waliloweka mihogo michungu siku tatu kamili, sumu ikatoka, watoto wakala bugali bila hofu. Ndipo wakaja watu wa michezo ya jimbo. Kiwanda kitabomolewa, wakasema, uwanja utajengwa, na michezo ikiisha patakuwa soko la akina mama, lenye mabirika mapya. Wengi walikataa. Emilienne, raisi wa chama chao, ndiye aliyewalainisha nyumba kwa nyumba mpaka wakatia sahihi. Na tuseme kweli: alimfikiria binti yake Elsa, miaka kumi na minne, mwenye mbio ambazo Mungu hagawii kila mtu. Alitaka Kasongo nzima imwone.

Ikamwona. Elsa alishinda mita mia nne, mama yake akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Wiki moja tu, wakubwa wakapanda magari yao. Soko? Thubutu! Lango lilitiwa kufuli, na mwaka uliofuata uwanja akapewa mfanyabiashara wa dhahabu aweke mashine zake. Emilienne alikwenda ofisini mara sita. Walimpa kiti, wakamwambia arudi.

Mto nao, ambako wangeweza kuloweka, wachimbaji wa dhahabu walikwisha kuuvuruga, tope tupu. Basi akina mama wakaloweka kwenye masufuria, usiku mmoja, asubuhi wanaanika. Walijua haifai. Mwenye njaa hana miiko.

Siku moja Elsa aliamka, akataka kusimama, miguu ikakataa. Ilikuwa imekakamaa yote miwili, magoti yanagongana. Emilienne alimbeba mgongoni mpaka hospitali, mtoto mrefu vile, vidole vya miguu vinaburutika chini.

Gédéon, muuguzi, hakumficha.

"Ni konzo, mama. Ni sumu ya muhogo. Miguu haitarudi tena. Ila wadogo wake wangali wazima: muloweke muhogo siku tatu."

"Wapi?" Emilienne akauliza.

Gédéon aliandika kitu kwenye daftari, akaita mgonjwa mwingine. Aliyeingia alikuwa mama mmoja wa chama, naye amebeba mtoto wake mgongoni, miguu imekakamaa vilevile. Emilienne aliinamisha macho, akashindwa hata kumsalimia.