Nguvu za Kutosha

Mwalimu wa Kiingereza ambaye wanafunzi walimbandika jina la Mizani alikuwa na sharti moja: sentensi ya uongo hasahihishi. Kila mwanafunzi aseme jambo la kweli la nyumbani kwake. Akidanganya, anakaa bila alama, hata sarufi yake iwe imenyooka kama uzi.

Darasa lao lilikuwa juu ya karakana ya mafundi cherehani. Siku hiyo alianza dereva wa lori. Alisema kwa Kiingereza kwamba mkewe ni mzuri, akatanguliza "too".

"Amezidi uzuri mpaka umeshindwa kufanya nini?" Mizani akauliza.

"Kulala, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Mizani hakucheka. "Too" si "sana", alisema. Ni kitu kuzidi mpaka kikazuia kingine. "Enough" ni kitu kufika pale kinapohitajika, nayo hukaa nyuma ya sifa, si mbele.

Muuguzi, aliyekuja na viatu vya zamu miguuni, hayo aliyajua. Tangu aanze masomo, sentensi zake zote zilimhusu baba yake, aliyelegea viungo tangu alipoanguka kutoka jukwaa la ujenzi. Blanketi ni fupi mno kumfunika miguu. Mikono ni dhaifu mno kunyanyua kikombe. Wenzake walimtania kwamba mzee wanamjua kuliko wanavyomjua yeye. Mzee naye alifurahia, kila jioni akiuliza, "Leo nimekuwa nini huko?"

Lakini leo, kama mzee alivyojua, Mizani alikuwa akichagua wa kwenda kufanya mtihani wa kuajiriwa katika hospitali za ng'ambo. Mwenye mgonjwa asiye na wa kumwangalia hakumpeleka kamwe. Wawili aliowapeleka waliwahi kukimbia mikataba kurudi kuzika, na lawama zikamwangukia yeye. Nyumbani kwa muuguzi kulikuwa na watu wawili tu, yeye na baba.

"Haya, mzee wako," Mizani akasema. "Tumia 'enough'."

Muuguzi akasimama. Akasema kwa Kiingereza, kila neno mahali pake, kwamba baba yake ana nguvu za kutosha kuishi peke yake.

Hakuna aliyecheka. Chini vyerehani viliendelea kunguruma.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, mwalimu."

Mizani akaitazama chaki mkononi mwake.

"Sahihi," akasema. "Utakwenda."

Dereva akainamisha uso.

Jioni muuguzi alimkuta baba yake kitandani, kikombe cha maji kwenye kigoda kama alivyokiacha asubuhi.

"Leo nimekuwa nini?"

"Una nguvu za kutosha, baba."

Mzee akakibana kikombe kwa vifundo vya mikono, akakiinua mpaka kifuani. Hapo kikapinduka. Maji yakalowesha shati, shuka, hata godoro. Muuguzi akakimbilia kitambaa.

"Acha, mwanangu. Huko uendako hutanifuta. Nianze kuzoea kukauka mwenyewe."

Muuguzi akakirudisha kitambaa kwenye msumari wake.