Mwendo wa Arobaini na Tano

Mwaka wa tisini na tisa nilikuwa na ofisi ya kuchapa barua pale Ukunda, chumba kimoja na kompyuta kuukuu niliyoinunua hoteli fulani ilipokuwa ikiuza vyombo vyake. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nakiri, na neno linaloniudhi kuliko yote ni "haiwezekani". Mwanarusi, mwanamke aliyekuwa akifua mashuka katika hoteli ya Diani, aliponiambia mafundi wawili wamekataa, kwamba santuri haiingii kwenye kompyuta bila mitambo ya studio, nilimwambia ailete.

Alikuja na gramafoni ya kubeba, ile yenye spika kwenye mfuniko, na santuri moja ndogo. Karatasi ya katikati ilikuwa imekwanguliwa, hakuna jina la mwimbaji wala la wimbo. Tena ilikuwa na ufa kutoka ukingoni hadi karibu na tundu.

"Ni sauti ya babangu, dada Virginia," alisema. "Alifariki sijaanza kutambaa. Picha yake sina hata moja. Nina hii tu, na sijui itazunguka mara ngapi kabla haijavunjika."

Nilimwambia aniachie, arudi kesho.

Jioni hiyo sikuchapa barua ya mtu. Niliiosha santuri kwa povu la sabuni na kitambaa laini, nikasugua sindano kwa mswaki wa plastiki. Waya niliupata kwenye redio ya mfukoni iliyokufa: nikakata visikizi vyake vya masikioni, nikaunga nyaya kwenye spika ya gramafoni, na ncha ya pili nikaichomeka nyuma ya kompyuta. Programu ya kunasa sauti ilikuwa kwenye sidii ya bure ya gazeti lililoachwa na mtalii. Nafasi haikutosha, nikafuta mchezo wangu wa karata. Huo niliulilia kidogo.

Nilipokuwa nikipangusa gramafoni nikaona swichi ya mwendo haisogei. Imeganda kwenye thelathini na tatu, yaani mizunguko thelathini na tatu kwa dakika. Kuchungulia, kumbe chini yake kumekazwa kipande cha mswaki, ule wa mti, kimetafunwa ncha moja. Jamani! Mtu katoa kitu kinywani mwake akakichomeka kwenye mashine! Nilikivuta kwa kibano, nikakitupa kwenye kapu la taka, nikanawa mikono.

Lakini jambo hilo halikuniacha. Santuri ndogo kama ile kwa kawaida huchezwa kwa mwendo wa arobaini na tano. Nani aliyeilazimisha kwenda polepole, na kwa nini?

Kesho yake Mwanarusi alikuja na mamake, Bi Hafsa, kutoka Msambweni.

"Shikamoo, Bi Hafsa."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Alikaa kwenye benchi la wateja na mkoba wake mapajani, akaitazama gramafoni kana kwamba ni mgeni asiyemtaka.

Nilimweleza Mwanarusi habari ya mwendo. Akanishika mkono.

"Usiguse hapo, tafadhali. Baba aimba hivi hivi. Miaka yote twamsikia hivi hivi."

Haya. Nikaacha thelathini na tatu, nikawasha programu ya kunasa, nikateremsha sindano. Sauti nzito ya mwanamume ikatoka, ya kuburuta, na ufa ukigonga tak, tak, kila mzunguko. Mwanarusi alifumba macho. Wimbo ukafika mwisho. Nilipoiinua santuri ikaachana vipande viwili mikononi mwangu.

"Ameshaingia?" aliuliza Mwanarusi.

"Ameshaingia."

Hapo ningenyamaza. Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini mikono yangu haijui kutulia. Nikatoa nakala, ya kwanza nikaiweka salama, na ile nakala nikaiongeza mwendo kwa asilimia thelathini na tano. Kompyuta ikasaga kwa dakika kadhaa. Nikabonyeza.

Ngoma zilikaa mahali pake. Zeze likaamka. Na aliyeimba alikuwa mwanamke.

Mwanarusi alicheka kwanza. "Umeharibu, dada. Huyu nani?"

Kutoka kwenye benchi nilisikia sauti ya pili ikifuata ile ya kwenye spika, ndogo, ya kizee, lakini inajua kila kona ya wimbo kabla haijafika.

Wimbo ulipokwisha, Bi Hafsa alijifuta uso kwa ukingo wa leso.

"Nilirekodi Mombasa, kabla sijaolewa," alisema. "Wakwe zangu hawakutaka mke ambaye sauti yake yasikika barazani. Babako ndiye aliyekwangua jina langu. Akatia kijiti pale, akaniambia, sasa ni mwanamume, nani atakuuliza? Tukawa twaicheza mlango wazi. Babamkwe mwenyewe alikuwa akimsifu yule bwana!"

"Na mimi?" Mwanarusi alisimama. "Mimi nilikukosea nini, mama? Miaka thelathini!"

"Ulikuwa na miaka minne. Uliweka sikio kwenye spika, ukaniuliza, huyu ni baba? Nikasema ndiyo, ukalala bila kulia. Kesho yake ningekwambiaje?"

Mwanarusi alikaa chini sakafuni, akalia kama aliyefiwa siku hiyo, na hakika alikuwa amefiwa. Mimi nilijilaani, mimi na udadisi wangu.

Baadaye akainua uso. "Hicho kijiti alikikata mwenyewe?"

"Ulikuwa mswaki wake," alisema Bi Hafsa. "Aliutoa kinywani, akauvunja."

Wote wawili wakanigeukia. Mimi ndiye niliyekitupa. Kisha nikakumbuka kwamba kwa uvivu wangu sikuwa nimemwaga taka, nikalipindua kapu zima katikati ya chumba. Tulipiga magoti watatu, tukipekua karatasi moja baada ya nyingine.

Mwanarusi ndiye aliyekiona. Alikipuliza vumbi, akakiweka kiganjani, akapitisha kidole polepole kwenye ncha iliyotafunwa.

"Mama," alisema, "haya ni meno yake."