Besi ya Bedan Ukutani

"Kitoe hicho kitu! Nimesema kitoe, Mativo, ama mimi nihame hii nyumba!"

"Sasa nikikitoa, Mama Bedan, bendi itapiga nini Jumamosi? Hatuna mtu wa besi."

"Mtu wa besi nilimzika mimi. Usinikumbushe."

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, na kwangu, kama kawaida, nyumba ilikuwa imejaa wageni. Ugomvi ukianza hapa mtaani Mbotela nani hubaki ndani? Tulitoka sote na vikombe vya chai mikononi.

Waringa, ndiye Mama Bedan, alipakana ukuta na Mativo fundi redio. Bedan wake ndiye aliyekuwa akipiga besi katika bendi ya Mativo, mpaka lori lililowabeba na vyombo vyao likapinduka wakitoka Thika. Mativo alitoka na mkwaruzo gotini. Bedan hakutoka.

Bendi ikabaki nyepesi kama chai ya rangi. Mativo alikuwa na kisanduku cha kukanyaga kwa mguu, kile kinacholifanya gita likorome. Lakini kilikuwa kinameza sauti nzito yote na kubakisha kelele ya mbu. Basi akakifungua. Pale sauti inapoingilia akang'oa kapasita, kidude kidogo chenye miguu miwili, akalehemu kingine kikubwa ili besi ipate njia. Ikapata kweli. Vikombe vya Waringa vikaanza kugongana kabatini.

"Hebu waambie watu ulikitoa wapi hicho kikubwa," Waringa akasema.

Mativo akatazama viatu vyake. "Kwa amplifaya ya Bedan."

"Ghai!" Huyo alikuwa ni mimi.

"Ilikuwa imekufa, mama! Nilichukua kidude kimoja tu."

"Nilikupa uniwekee, sikukupa uipasue. Na Alhamisi mchana, ukiwa kazini Jogoo Road, nani alikuwa anapiga besi kwako?"

"Labda panya wamejifunza gita," akasema Nthambi, mgeni wangu asiyejua kufunga mdomo. Hakuna aliyemchekea. Mimi pia nilikuwa nimeisikia hiyo Alhamisi, nikajiambia ni malori. Na mnanijua, jambo kama hilo huwa silali nalo bila kumwambia mtu. Hilo nililala nalo.

Waringa hakupiga kelele tena. "Silali, Mativo. Nikilaza kichwa naisikia kwenye mto. Mtoto wangu hapumziki, na mimi sipumziki."

Hapo Mativo akaleta kisanduku mlangoni, akapasha chuma cha kulehemu moto, akakitoa kile kidude na kumwekea Waringa kiganjani. Akarudisha kile cha zamani, akachomeka gita, akapiga. Mbu.

"Basi, imekwisha," akasema. "Jumamosi watuzomee tu." Akachomoa waya wote, akatoa na betri.

Kikombe kimoja kikalia kabatini kwa Waringa.

Halafu cha pili. Halafu vyote. Nikaisikia kwenye nyayo kabla ya kuisikia masikioni: besi, polepole, ile ya kupanda na kushuka ambayo Bedan alipenda kujizoeza mama yake akipika. Gita lilikuwa limelala sakafuni, halijaguswa. Nthambi akanishika mkono mpaka chai ikanimwagikia.

Sasa, laini yote ya nyumba zetu ilimjua Bedan. Ungegonga ukuta, ungemtukana, ungemtisha na askari wa kanjo, hangeacha. Alikuwa anaacha kwa sauti moja tu, ya mama yake akimwita kula. Na tangu mazishi Waringa alikuwa anapika kimya kimya, anakula amesimama karibu na jiko, hamwiti mtu.

Alitazama kile kidude kiganjani mwake. Akaingia ndani. Tukasikia kifuniko cha sufuria, tukasikia mwiko. Sahani moja ikawekwa mezani. Kisha nyingine.

"Bedan!" akaita, sauti ile ya zamani, ya kupita ukuta. "Bedan, chakula!"

Vikombe vikatulia.

Hata watoto waliacha mpira. Waringa akatokea mlangoni akijipangusa macho kwa leso, akamwona Mativo bado ameshika chuma cha kulehemu.

"Na wewe umesimama hapo kama mlingoti wa stima? Nawa mikono uingie, githeri inapoa."