Maziwa ya Minyaa

Kila asubuhi katika duka la vitu vya kale la Mzee Luqman, Jules Street, Malvern, mbali na kwao Burundi, Godelieve huanza na mashoka. Hutafuta chapa ya mfua chuma, hukagua kama mpini ni wa asili au wa kubambikwa, kisha hupaka chuma mafuta na kungoja. Haupiti muda, shoka hutoa utomvu wa mti wa mwisho lilioukata. La migodini hutoa wa mkaratusi, la shambani wa msonobari. Mzee Luqman huandika kibandiko na kupandisha bei.

Asichokivumilia Godelieve ni msasa. Kutu ndiyo umri wa shoka, na wanunuzi wanalipia umri.

Ijumaa moja, Mzee Luqman akiwa amekwenda kusali msikitini Mayfair, aliingia Révérien, mlinzi wa ghorofa moja Joubert Park. Huko Burundi yeye na Godelieve ni majirani, mashamba yao yamepakana. Alileta kuuza shoka la marehemu baba yake, limesuguliwa kwa mchanga na majivu mpaka linameremeta, maana kwao mtu hapeleki kitu kichafu kwa watu.

"Eish, Révérien! Umeliua."

"Nimelisafisha, dada. Nikuletee uchafu mimi?"

Godelieve alicheka, akalipaka mafuta hivyo hivyo. Shoka likatoa maziwa meupe mazito, yakachuruzika mezani hadi sakafuni. Wote wawili waliyajua. Ni maziwa ya minyaa, mmea unaopandwa mpakani, na kwao haukatwi kwa shoka ila na anayetaka kuhamisha mpaka.

Familia ya Godelieve ilipokimbilia kambini Tanzania, kaburi la baba yake lilikuwa ndani ya shamba lao. Waliporudi, ua wa minyaa ulikuwa umesogea, na kaburi liko kwa akina Révérien. Mama yake alilalamika, wazee wakamwambia uzee umemchanganya, minyaa haina miguu. Sasa mama yuko kitandani, na analoomba ni moja tu: alazwe kando ya mumewe, katika udongo wake mwenyewe.

Maziwa yalipogusa sakafu, minyaa ikachipua kwa mstari kutoka kaunta hadi dirishani, ikafika magotini. Mteja mmoja aliinua mguu, akaivuka, akauliza bei ya birika.

Révérien alimpigia kaka yake simu, akaweka sauti wote wawili wasikie.

"Kaka, shoka la mzee limetoa maziwa ya minyaa."

"Ndiyo," kaka alijibu. "Si ndilo alilokatia ule ua?"

"Basi mama Godelieve alisema kweli."

"Alisema kweli. Lakini tumeshajenga pale, Révérien. Watoto wamelala humo miaka yote hii."

Simu ikakatika. Godelieve aligeuka akamtazama Révérien. Huyu kijana aliyesimama ng'ambo ya minyaa hakuwa amekata kitu. Alizaliwa akaikuta nyumba. Hilo halikumpunguzia hasira, lilimnyima tu mahali pa kuitua.

Révérien aliinamisha kichwa. Alipoongea, sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli.

"Dada, mama hatanyimwa. Siku ikifika atalala pale pale, kando ya mumewe. Tumeni tu mtu aje kwetu kuomba ruhusa."

Mama hakuwa na siku nyingi za kugombania mpaka. Godelieve akasema asante.