Stata ya Bibi Harusi

Aliyelichora gari la wifi yangu huko kiwandani hakuwahi kulitengeneza hata siku moja. Nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu, na akitokea mbele yangu nitamwambia tena, kisha nitampa spana na kumfungulia boneti, tuone.

Gari lenyewe dogo, jekundu, linang'aa utadhani limepakwa mafuta. Siku wifi alipolinunua alilileta gerejini kwetu akipiga honi tangu kule kona, nasi tukatoka kulipokea kama mgeni. Mume wangu, ambaye kila mtu humwita Fundi, hata mama yake mzazi, alilizunguka, akafungua boneti, akainama. Alikaa ameinama kitambo. Aliponyanyuka alimwambia dada yake kwamba amenunua kabati lililofungwa kwa ndani. Ukitaka kubadilisha balbu ya taa ya mbele, lazima ushushe bampa. Betri wameificha chini ya kiti. Chujio la oili limekaa mahali ambapo ukilifungua tu, oili inateremka mkononi mpaka kwapani. Na stata, jamani, ile mota ya kuwashia, wameibandika nyuma ya injini, na bolti yake ya juu haionekani, si kwa tochi wala kwa kioo.

Wifi ni mkunga. Nusu ya watoto wa mtaa huu yeye ndiye aliyewashika kabla mama zao hawajawashika. Alisikiliza hukumu yote ya gari lake, akauliza ni mwanamke gani huyu anayetaka avuliwe nguo zote ili aangaliwe jino. Tukacheka mpaka machozi. Tangu siku hiyo gari likaitwa Bibi Harusi.

Magari ya siku hizi yote yako hivyo, uzuri wa mkakasi, na mimi huwatukana wachoraji wake waziwazi. Fundi hatukani. Yeye aliwaunganisha wote wakawa mtu mmoja, akampa jina Mjomba, na kila alipokutana na bolti iliyofichwa alikuwa akimwombea dua kabla ya kuingiza mkono: "Mjomba, Mungu akupe mvi nyingi na gari kama hili." Kisha hufumba macho na kuingiza mkono mpaka begani, vidole vikatafuta vyenyewe. Hivyo ndivyo nilivyomkuta mara ya kwanza, nilipokuja kuuza spea: mtu mrefu amelalia injini, macho ameyafumba, anatabasamu. Nilidhani amesinzia kazini nikamkaripia. Hakufumbua macho. Akaniambia ningoje kidogo, anasalimiana na mtu huko ndani. Nikampenda palepale, sikujizuia hata kidogo.

Gereji yetu ina sheria moja tu, ambayo mume wangu aliipata kwa fundi aliyemfundisha kazi: aliyefungua ndiye afungaye. Bolti uliyoifungua wewe haiguswi na mwingine. Ukipatwa na dharura, gari litakungoja. Fundi huamini kwamba mkono uliofungua ndio unaokumbuka bolti ilikaaje, na mtu akifungiwa kazi na mkono mwingine, siku gari likimwacha mwenyewe njiani hutajua umlaumu nani. Mimi nilikuwa na duka langu la spea pale mbele, sikuwa nafungua wala kufunga kitu, kwa hiyo sheria hiyo niliisikia tu.

Mwaka huu Fundi akaanza kudeka. Asubuhi anakuja mbele yangu na shati wazi, anasema, "Nifunge, mke wangu." Nami namfunga vifungo huku nikimtania kwamba uzee umemrudisha utotoni. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilijiona bado napendwa. Lakini nikaanza kuona mengine. Anashika kikombe cha chai kinachofuka moshi bila kushtuka. Nati zinamdondoka, anaziokota na kuangalia pembeni kama kuna aliyeona. Mimi ambaye mdomo wangu haujui likizo, nikanyamaza. Niliogopa. Aliwahi kusema, tena zaidi ya mara moja, kwamba siku mikono yake itakapoanza kumdanganya atafunga gereji, kwa sababu fundi anayebahatisha ni mwuaji. Na mtu huyu bila gereji angekaa wapi? Angekaa nyumbani akiangalia mlango. Nilimjua.

Basi stata ya Bibi Harusi ikafa. Wifi aliletwa akisukumwa ndani ya gari, kwapani mkoba wake wa kazi, kwa sababu kulikuwa na mama mmoja upande wa pili wa mji aliyekuwa karibu sana kujifungua. Kufungua hakukuwa shida, spana ndefu na nguvu za bega vilitosha. Stata mbovu ikatoka, nikamletea mpya kutoka dukani. Kazi ikabaki kurudisha ile bolti ya juu.

Sasa bolti hiyo haianzishwi kwa spana. Lazima ishikwe kwa vidole, ikae sawa kwenye tundu, izungushwe taratibu mpaka ikamate. Ikiingia upande ukaibana kwa nguvu, inakula zile nyuzi za ndani ya tundu, na hapo injini nzima itashuka chini, na gari litalala kwetu wiki nzima. Fundi akamwombea Mjomba mvi zake, akafumba macho, akaingiza mkono. Tukasikia bolti inagonga sakafu. Tukacheka. Akaiokota, akarudia. Ikagonga tena. Safari iliyofuata hakumtaja Mjomba, na hakuna aliyecheka. Jasho lilikuwa linamtiririka. Ilipoanguka tena aliishika, akanyoosha mkono kuchukua spana, akataka kuibana hivyohivyo. Kisha akaiweka spana chini. Akabaki ameegemea gari, hatuangalii.

Wifi akatua mkoba wake. Alimfuta mdogo wake mkono kwa kitambaa, akamwambia afumbe macho, akamfinya ncha ya kidole kidogo kwa kucha zake na kumwuliza ameshika kidole gani. Fundi akajibu cha kati.

"Tangu lini?" wifi akauliza.

Fundi akaurudisha mkono nyuma.

"Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Mimi hiyo ndiyo kazi yangu, naijua."

Ndipo akasema. Ganzi ilianzia nchani mwa vidole, ikapanda kidogokidogo, sasa imefika kwenye viungo vya vidole. Vifungo vya shati vilimshinda zamani. Wifi akamwambia hiyo ni dalili ya ugonjwa wa sukari, na kesho atakwenda naye hospitali wakapime, hakuna mjadala. Fundi aliitikia kwa kichwa. Halafu akasema, polepole, kama mtu aliyekwisha kulizoea neno lenyewe kinywani, "Nitafunga gereji."

Niliyakumbuka yale mashati yote. Nilidhani ni mahaba, kumbe mwenzangu alikuwa akizama na kunishika mkono, nami nacheka. Nilikasirika, na kwa kuwa sikuweza kumkasirikia yeye, nilimkasirikia Mjomba. Nikakunja mkono wa gauni.

"Sogea," nikamwambia.

"Hukufungua wewe. Sheria unaijua."

"Mashati nimeyafunga mwaka mzima. Bolti ndiyo itanishinda?"

Akaniangalia. Sijui alisoma nini usoni kwangu, lakini alisogea. Nikachukua bolti, nikaingiza mkono kwenye tumbo la Bibi Harusi. Ndani kuna joto, kuna kingo za kukwaruza, na huoni kitu. Fundi alisimama nyuma yangu, akanishika kiwiko kwa kiganja kizima, maana kiganja bado kilikuwa kinasikia.

"Fumba macho, yatakudanganya," akasema. "Pita chini ya bomba. Geuza kiganja kitazame juu. Hapo pana ukingo, uache, panda tena kidogo. Umepata tundu?"

Nikasema nimepata. Nikaiweka bolti, ikaniponyoka, ikagonga sakafu. Nilitoa tusi ambalo sitalirudia hapa, na wifi, ambaye amesikia kila aina ya tusi katika chumba cha kujifungulia, akasema hilo ni jipya kwake. Akaniokotea.

"Sasa usiisukume," Fundi akasema. "Izungushe kinyume kwanza, kama unafungua. Itashuka hatua ndogo, utaisikia. Hapo ndipo ugeuze, ufunge. Ikigoma usibishane nayo."

Mimi nisibishane. Nikazungusha kinyume, taratibu, nimeshika pumzi. Ikashuka ile hatua, kitu kidogo mno, nikakisikia mpaka kwenye meno. Nikageuza. Ikaingia laini kama kifuniko cha chupa.

"Imekamata," nikasema.

"Najua. Kiwiko chako kimeniambia."

Nikaibana kwa spana, tukafunga nyaya, wifi akawasha gari. Likawaka mara moja, lisilo na haya. Wifi hakutuaga hata, alikanyaga mafuta akaenda kumpokea mtoto wake.

Tukabaki wawili. Mkono wangu ulikuwa mweusi, umekwaruzika, nami nikalia kidogo, kwa furaha na kwa yale mengine. Fundi akachukua kitambaa akawa ananifuta grisi, kidole kimoja kimoja. Nikamwambia gereji haifungwi.

"Ile bolti umeifunga wewe," akasema. "Ikifika siku ya kuifungua, mimi siigusi."

"Unajua Mjomba aliiweka stata karibu na joto la injini. Haitamaliza mwaka."

"Najua."

Aliendelea kunifuta. Nikaelewa gereji inabaki wazi, na safari hii kweli sikubishana.

Asubuhi akaja mbele yangu na shati wazi kama kawaida, tayari kwa hospitali. Nikamfunga kuanzia chini mpaka shingoni, bila utani, bila haraka. Nilipomaliza akanishika ile mikono yangu yenye mikwaruzo, akainama sikioni.

"Jioni usisahau sheria," akasema. "Aliyefunga ndiye afunguaye."